Zabuni za Matangani

Mtu akikuambia kwamba Kalemie zabuni hutafutwa kwenye valvu, mcheke. Valvu ni ule ubao wa matangazo ulioko kwenye geti la kila shirika na kila ofisi ya serikali. Kwa sheria, hapo ndipo apeldofre, yaani tangazo la zabuni, hubandikwa: anayetaka kuuza mchele, kutengeneza madawati au kulisha watu wa semina asome, aandike bei yake, aitie ndani ya bahasha na kuifunga. Ni mpango mzuri sana. Kasoro yake ni moja tu: anayesoma wa kwanza hubandua karatasi na kuondoka nayo.

Mimi ni mpishi wa mikutano. Ninapeleka chai na mikate saa nne, kisha chakula cha mchana: ugali wetu wa bukari, wali, samaki wa ziwani, sombe ya majani ya muhogo, na maharage yasiyo na mafuta kwa wale wakubwa ambao daktari ameshawatisha. Sufuria zangu zilikuwa kubwa, wasaidizi wangu walikuwa hodari, karatasi zangu za biashara zilikuwa na mihuri yote inayotakiwa na mingine ambayo hakuna aliyeitaka. Kilichokosekana ni mteja. Kila asubuhi nilizunguka valvu kutoka Kataki hadi ng'ambo ya daraja la Lukuga, na kila asubuhi nilisoma pini. Pini kwenye pembe zote, na katikati ubao mtupu. Siku moja nilibahatika kukuta tangazo zima, jipya, linanukia wino. Nililisoma lote juani nikiandika na kutoa jasho, na nilipofika chini kabisa nikagundua kwamba walikuwa wanatafuta mtu wa kuchimba visima.

Bingwa wa kubandua nilimjua. Alikuwa mama mmoja mwenye mgahawa karibu na bandari, mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kubembeleza. Nilimwona kwa macho yangu akikunja tangazo la watu na kulitia kifuani. Aliponiona hakushtuka hata kidogo.

"Mama, umeamuka vizuri?" akaniuliza.

"Nimeamka nimechelewa," nikamjibu, akacheka kana kwamba mzaha ulikuwa wake.

Wengine walinishauri nijiunge na makundi ya WhatsApp. Nikajiunga. Huko zabuni zilifika zikiwa zimeshaoza, zimesambazwa na watu waliokwisha kuzikosa wenyewe, katikati ya picha za waridi na maombi ya kutuma kwa rafiki kumi. Nikajitoa.

Ukweli ni kwamba habari ya kazi, mjini kwetu, haipiti kwenye ubao wala kwenye simu. Inapita kwa watu. Shemeji wa mtu ni mlinzi pale getini, binamu yake anaendesha gari la shirika, mdogo wake anafagia ofisi ya mkubwa, na jioni wakikaa nyumbani kula, apeldofre inatajwa hata kabla haijapigwa chapa. Na mimi Kalemie sikuwa na mtu. Kwetu ni Kabalo. Nilikuja huku nimemfuata mume wangu, mfanyakazi wa reli, na ndugu zangu wote nimewaacha kule kwenye mto. Shemeji sina, binamu sina, hata adui wa ukoo sikuwa naye.

Mambo yakafika pabaya mwaka ule mume wangu alipoitwa na mkuu wake wa kazi. Kulikuwa na nafasi Lubumbashi. Alirudi nyumbani, akanywa maji, akaniambia kwa ule upole wake ambao huwa unaniudhi kuliko kelele: "Ukipata kazi ya mwaka mzima, tunabaki. Usipopata, watoto wakimaliza mwaka wa shule tunaenda. Utafanya kazi dukani kwa dada yangu." Dada yake ana duka la sabuni na mafuta ya kupaka. Anakaa nyuma ya meza akihesabu pumzi za wafanyakazi wake. Nilimwambia mume wangu kwamba nitapata kazi ya mwaka mzima. Nilisema kwa sauti kubwa kwa sababu nilikuwa naogopa.

Wazo la matanga lilinijia kwa bahati. Tulikwenda kuhani kwa mwenzake wa reli, na wakati wanawake wanapepeta mchele nilikaa karibu na upande wa madereva. Madereva wa mashirika huja msibani na mabosi wao, na mabosi wakishaketi madereva hawana la kufanya ila kuongea. Kabla mchele haujaiva nilikuwa nimesikia zabuni tatu, mmoja aliyefukuzwa, na shirika moja linalohama nyumba. Nilitazama ule mkusanyiko wa viti vya plastiki chini ya turubai nikaona kitu ambacho sijui kwa nini sikukiona mapema. Kila ofisi ya Kalemie ilikuwa imeketi pale, imevua viatu, na haina haraka.

Basi nikaanza kwenda matangani. Sikuchagua. Nikisikia vilio vya msiba au nikiona turubai limefungwa barabarani, ninavaa kitenge cheusi, ninabeba kuni au kilo ya sukari, ninaingia. Sikuwa nadanganya mtu. Nilipika, niliosha vyombo, na nililia vizuri, maana nikikumbuka duka la sabuni machozi yalikuja yenyewe. Nilichofanya ni kuchagua mahali pa kukaa.

Ndipo akafa yule mzee wa Kataki. Alikuwa amestaafu kazi ya bandari, mtu wa Mpala kwa asili, na mjukuu wake alikuwa mnunuzi wa shirika moja kubwa, kijana mwenye adabu ambaye mji mzima ulimwita Log kwa kazi yake ya lojistiki. Mwenye kununua akifiwa, msiba wake ni soko. Nilikwenda mchana wa kwanza kabisa, na kuni zangu kichwani.

Mlangoni mwa ua mama mmoja akanisimamisha.

"Mama, unatoka wapi?"

"Natoka Kabalo," nikasema, kwa kuwa ndiyo kweli.

Sikujua kwamba marehemu aliwahi kufanya kazi Kabalo ujanani, kwamba alikuwa na ndugu kule, na kwamba familia nzima ilikuwa inawangoja waje na treni. Yule mama aliinua mikono. "Batu ba Kabalo bamefika!" Vilio vikaanza upya kuanzia getini. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, kuni zangu zikachukuliwa, mtu akanivua viatu.

"Na treni?" mzee mmoja akauliza.

Treni niliijua, mume wangu alikuwa ameilalamikia asubuhi. "Treni iko Nyunzu, imekwama."

"Sasa wewe umefika namna gani?"

"Mi nilitangulia," nikasema.

Ningeweza kueleza zaidi. Lakini walikuwa wameshanipeleka mbele ya mjane, aliyekaa kwenye mkeka, bibi mdogo wa mwili, macho makavu. Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akapapasa mkeka.

"Kuya hapa, mutoto wangu. Ikala."

Nikakaa. Akanishika mkono, na kuanzia hapo sikutoka. Nilitaka kwenda upande wa madereva. Mkono ulikuwa haunipi ruhusa. Nikinyanyuka kidogo anakaza. Nilikasirika, kusema kweli. Niliona zabuni zote za jimbo la Tanganyika zikipita kule ng'ambo ya ua huku mimi nimekamatwa na bibi. Halafu, sijui ilikuwaje, hasira ikaisha. Tangu nifike mji huu hakuna mtu aliyewahi kunishika mkono namna ile bila kuniomba kitu. Nilibaki pale, nikamwogesha, nikamlazimisha anywe uji, nikamfukuzia wageni wenye maneno mengi. Kazi ya kufukuza watu nilizaliwa nayo.

Jikoni nako walikuwa wanaharibu. Walitia maharage chumvi kabla hayajaiva. Nilivumilia mara moja, mara ya pili nikainuka nikashika mwiko, na kufikia kesho yake wote walikuwa wananiuliza mimi kitunguu kikatwe vipi. Treni ilipofika hatimaye, na watu wa Kabalo wa kweli wakaingia wamejaa vumbi, nilikuwa nimesimama katikati ya sufuria natoa amri. Nilijua nimekwisha. Lakini walinisalimia kwa heshima zote, wakapokea chakula, wakala. Wao walidhani mimi ni wa Mpala. Wa Mpala walidhani mimi ni wa Kabalo. Nilikuwa salama katikati, na sikuona haja ya kuwasumbua watu wenye huzuni.

Siku ya maziko familia iligawa vitenge vya sare, nami nikapewa changu, kimeshakatwa na kushonwa. Yule mama wa mgahawa wa bandarini naye alikuwepo. Usidhani nilikuwa peke yangu na wazo lile. Alilia kuliko wote, kwa sauti yake ile ya kubembeleza, karibu kabisa na madereva, na alipoona vitenge vinagawiwa akaaga haraka akaenda zake. Nilimcheka moyoni. Nilidhani ameogopa kazi ya kuosha vyombo.

Zabuni niliyoitaka nayo niliipata pale pale: dereva mmoja aliyekuja kuomba sahani ya pili alinitajia. Shirika la Log lilitaka mpishi wa mikutano yake yote kwa mwaka mzima. Mwaka mzima! Nilimwongezea samaki mkubwa. Nikaandika ofa yangu kwa mwandiko mzuri, nikajaza kila fomu, na pale walipouliza kama nina ndugu ndani ya shirika, maana mwenye ndugu hapewi kazi, nikaandika *Sina* kwa moyo mweupe kabisa, kisha nikapeleka fomu hizo pamoja na bahasha yangu ya bei.

Kufunguliwa kwa bahasha hufanyika mbele ya wote walioleta. Tulikaa kwenye chumba cha mikutano, wapishi watano, mama wa bandarini akiwemo, tumenyoosha migongo. Mkuu wa fedha, mama aliyetoka Kinshasa, mkali, mwenye miwani, alikuwa mwenyekiti. Log alikuwa pembeni yake na mkasi. Kijana akaniona, uso ukamng'aa, akasimama kama alivyofundishwa kwao.

"Jambo, Mama mudogo."

Nilimtolea macho ili anyamaze, naye akadhani sijamsikia, akarudia kwa sauti zaidi. Mkuu wa fedha akaweka kalamu chini.

"Mama, hapa uliandika hauna ndugu katika shirika."

"Ndiyo, Madame. Sina."

Akachukua simu yake, akatafuta kidogo, akainyoosha kwangu. Ilikuwa picha ambayo Log aliiweka kwenye hali yake ya WhatsApp siku ya maziko. Mstari wa mbele, kando ya jeneza, mjane yuko katikati. Kulia kwake Log. Kushoto kwake mimi, nimevaa kitenge kile kile cha ukoo, mdomo wazi, nalia.

"Na huyu ni nani?"

Log alijaribu kuniokoa, Mungu ambariki. "Madame, huyu hana undugu na mimi. Ni mama mudogo wa... Madame, kusema kweli, hata mimi sijui ni wa upande gani."

Hapo nikaona bora niseme. Nikasimama, nikaeleza kwamba mimi si ndugu wa mtu yeyote, kwamba Kalemie sina ndugu hata mmoja, kwamba nilikwenda kwenye kilio kile kutafuta apeldofre. Wapishi wenzangu wote walitazama viatu vyao, na nikajua mara moja nani na nani walikuwa wamekaa karibu na madereva. Mama wa bandarini ndiye pekee aliyeinua uso. Akapiga ulimi.

"Yesu wangu! Ku kilio kweli, Mama?"

Ningekuwa na mwiko ningemtandika.

Mkuu wa fedha alifikiri, na sitaacha kusema kwamba alikuwa mtu wa haki. Alisema hawezi kuamini picha tupu, na hawezi kuniamini mimi pia. Nilete mkubwa wa ile familia kesho yake aseme mwenyewe kama mimi ni wao au si wao.

Nilitoka mle nakwenda mbio. Mjane nilimkuta anachambua dagaa kwenye ungo. Nilimweleza yote, mbio mbio, bila kupamba: valvu, duka la sabuni, madereva, Kabalo. Niliposema kwamba sikuwa mtu wa marehemu nilishindwa kumtazama. Yeye aliendelea kutupa vichwa vya dagaa pembeni.

"Nilijua," akasema. "Bwana yangu hakuwa na mutoto mwanamuke Kabalo. Nilijua tangu uliingia na kuni."

"Sasa Mama, mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Ulikuwa unanipikia uji."

Nikamwomba aje kesho aseme hivyo hivyo. Akakubali. "Nitakuya. Nitasema kweli." Nililala usingizi mtamu. Nilimwambia mume wangu asimwandikie dada yake kitu.

Kesho yake bibi alikuja na kitenge chake cha msiba, akapewa kiti cha kuzunguka, akakikataa, akaletewa cha kawaida. Mkuu wa fedha alimwuliza kwa heshima.

"Mama, huyu eko wa familia yenu? Kwa damu?"

"Kwa damu, hapana," bibi akasema.

Niliona mwaka mzima wa chai na mikate ukija kwangu mbio. Log akatabasamu. Mkuu wa fedha akashika kalamu aandike, na laiti bibi angeishia pale, lakini alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka fimbo yake.

"Lakini eko mutoto wangu," akasema.

Kalamu ikasimama. "Mama, ni ndugu au si ndugu?"

"Bwana yangu akiwa kwenye jeneza, nani aliniogesha? Wajukuu wangu walikuwa na simu. Ni huyu alikuwa na mimi. Unataka niseme simujui, juu ya mikate?" Akageuka kunitazama, na uso wake haukuwa na hila yoyote. "Eko mutoto wangu. Andika vile."

Na Mama wa Kinshasa akaandika vile. Bahasha yangu ya bei nilirudishiwa haijafunguliwa. Kazi ilikwenda kwa mama wa bandarini, ambaye hakuwa na ndugu yeyote kwenye picha.

Barabarani nililipuka. Nilimwambia bibi ameniua, amenizika, amenipeleka Lubumbashi kwa mikono yake. Nilisema mengi, na watu walisimama kusikiliza. Yeye alitembea taratibu na fimbo yake, na nilipoishiwa pumzi akaniuliza nyumbani kwangu ni wapi. Nilimwonyesha kwa kidole, kwa hasira. Badala ya kushika njia ya kwao, akashika yangu.

Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni, kofia ya reli kichwani, anatengeneza redio. Aliusoma uso wangu kabla sijafungua mdomo.

"Basi," akasema kwa upole wake ule. "Tuanze kufunga mizigo."

"Mizigo ya nani?" bibi akauliza nyuma yangu.

Mume wangu akamtazama, hakuelewa.

"Mi ni mama ya huyu," bibi akasema. "Nasikia unataka kumupeleka mbali. Uliuliza nani? Ulikuya kwetu siku gani, tukakuona? Mutu anaoa mutoto ya batu, anakaa naye mu mji mumoja na mama yake, hata salamu hakuna, sasa anataka kumubeba. Kwenu banafanya vile?"

Nilitaka kuingilia kati. Nilikuwa na maelezo yote tayari mdomoni: kwamba si hivyo, kwamba ni mambo ya zabuni. Lakini mume wangu alikuwa ameshasimama. Akavua kofia. Akasogeza kiti chake kuelekea kwa bibi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha macho chini kama mwanamume anavyoyainamisha mbele ya mama mkwe, na redio yake ikaanguka na hakuiokota.

"Utusamehe, Mama," akasema.

Bibi akakaa. Akamwambia kwamba Jumapili wanangojwa Kataki, yeye na watoto, na kabla ya familia kuketi na kuongea hakuna mtu wa kupanda treni. Akanywa maji, akasifu ua wetu, akalaumu uzio, akaondoka. Mume wangu alibaki amesimama mpaka alipopotea kwenye kona.

"Sasa mkuu wa kazi nitamwambia nini?" akaniuliza. "Nimwambie mama mkwe amekataa?"

"Mwambie hivyo hivyo," nikasema, bado nimekasirika.

Akaenda akamwambia hivyo hivyo. Jioni yake nilikuwa jikoni namenya vitunguu, nikamsikia anaingia na kujifuta miguu mlangoni. Nikamwuliza mkuu alisemaje.

"Alishangaa. Aliniuliza, mke wako si hana mtu hapa Kalemie?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ana mama yake."